Miwani ya Baba

Juzi, tukiwa katikati ya filamu ya Aladdin, mwanangu aliniuliza kama yule mwenye sauti ya jini bado yu hai. Nilimjibu kwamba Robin Williams alifariki mwaka 2014, kwamba alikuwa mgonjwa, na tukaendelea kutazama. Lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye lile kochi ambalo Baba alikuwa akilikalia ukingoni, kama mgeni, kila Jumapili aliyokuja kutuona baada ya yeye na Mama kutengana.

Jumapili moja iliwekwa kanda ya Mrs. Doubtfire, filamu ya mwaka 1993 ambamo Williams ni baba aliyetenganishwa na wanawe kwa amri ya mahakama, naye anajigeuza yaya wa kike, mtu mzima, ili ashinde nao. Aliyeichagua simkumbuki, ila hakufikiri sana.

Ofisa wa mahakama amekuja kukagua nyumba, sura ya bandia imeponyoka dirishani na kukanyagwa na lori, na Williams, kwa kukosa namna, anazamisha uso mzima kwenye keki iliyomo ndani ya jokofu, kisha anajitokeza mweupe pe, akijifanya anatunza ngozi. Krimu inaanza kumdondoka, tone kwa tone, ndani ya kikombe cha chai cha mgeni wake. Baba alicheka hadi akashika mbavu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akacheka tena, akaivua tena. Baadaye ikafika sehemu ya mahakamani, pale Williams anapomsihi hakimu asimtenge na watoto wake, na Baba akawa anafuta kioo kimoja, kilekile, mpaka hukumu ikaisha kusomwa.

Wakati huo sikujua kwamba Williams mwenyewe alikuwa ameachana na mke wake wa kwanza mwaka 1988, wala kwamba aliacha kokeini na pombe baada ya rafiki yake John Belushi kufa kwa dawa za kulevya mwaka 1982, naye akikaribia kupata mtoto wa kwanza, na kwamba pombe ilimrudia miaka ishirini baadaye. Alipojiua akiwa na miaka 63, watu wengi walihitimisha kwamba kumbe vichekesho vyote vile vilikuwa kilio. Sikuyapenda maneno hayo, na nilizidi kuyakataa uchunguzi wa maiti ulipoonyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umeshambuliwa vibaya na ugonjwa wa miili ya Lewy, unaoharibu akili na kumbukumbu, ambao madaktari hawakuutambua alipokuwa hai. Mgonjwa ni mgonjwa. Kicheko chake cha mwaka 1993 kina kosa gani?

Hata hivyo, siku hizi krimu ikianza kudondoka najikuta nampekua macho, nikitafuta huzuni ambayo huenda haimo. Baba sijawahi kumuuliza lolote. Filamu hiyo anaipenda hadi leo, na ukimtajia atakuambia ni ya kuchekesha tu.