Herufi mbili zilizojifanya m

Nafanya hesabu za duka la vipuri vya pikipiki, Kariakoo. Mwenye duka tunamwita Hajjat. Alianza na meza ya cheni na spoku, siku hizi anashusha kontena mbili tatu kwa mwaka kutoka Guangzhou. Ninayeandikiana na muuzaji wa kule ni mimi: proforma (invoisi ya awali), picha za mzigo, nakala ya BL, yaani hati ya meli inayoonyesha mzigo umepakiwa, kisha TT, uhamisho wa pesa wa benki kwenda nje. Malipo yetu ni ya mtindo uliozoeleka, asilimia 30 mbele, 70 mzigo ukishapakiwa melini.

Januari kila mwagizaji anakimbizana na mwaka mpya wa Kichina, maana viwanda vinafungwa na watu wanarudi makwao. Mzigo wetu ulikuwa wa dola 24,000, na tulishatanguliza 7,200. Ijumaa moja mchana, Hajjat hajarudi dukani, ikaingia imeili: BL hii hapa, lipeni salio la dola 16,800, ila akaunti yetu ya siku zote iko kwenye ukaguzi wa mahesabu, kwa hiyo tumieni hii ya Hong Kong. Na iwe leo, kabla hatujafunga.

Sikushtuka hata kidogo. Chini ya barua yalifuata mazungumzo yetu yote ya wiki sita, mpaka utani wangu wa kuuliza kama betri za safari hii zitafika zikiwa nzima. Jina lilikuwa la dada yule yule niliyezoeana naye miaka minne, na Kiingereza chake cha mkato ni kile kile. BL ilikuwa halali, namba ya kontena halali. Nikajaza fomu ya TT, ikabaki sahihi tu.

Hajjat aliporudi akaitazama fomu, akavua miwani. "Binti, hawa wamehamia lini Hong Kong?"

"Ni wao, Hajjat. Jina lao hili hapa."

"Jina? Hata yule wa 'ile hela tuma kwenye namba hii' ana jina."

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Mimi ndiye niliyesoma, yeye barua pepe hata hafungui. Nikachukua simu nimwonyeshe. Kwenye simu, programu ya barua inakuonyesha jina tu. Anwani yenyewe huioni mpaka ubonyeze kamshale kadogo chini ya jina. Nikabonyeza, ikatokea. Nikaisoma, nikaona ni ile ile. Nikaisoma tena kwa sauti, ikawa ile ile.

Kilichonishtua ni kingine. Nilinakili ile anwani nikaibandika kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya sanduku langu, nikitaka kumwonyesha Hajjat mlolongo wa miaka minne. Likatoka jibu moja. Moja tu, la siku ile ile.

Nikafungua proforma ya mwaka uliopita, nikaweka anwani mbili juu na chini, nikazikuza mpaka herufi zikawa kama za bango. Jina la kampuni lina herufi m katikati. Kwenye ile barua hapakuwa na m, palikuwa na r na n zimebanana. Ukitaka kujua inavyodanganya, andika neno moto kwa mtindo huo: rnoto. Hapa labda unaona. Kwenye kioo cha simu chenye ufa, saa tisa mchana, njaa inauma, huoni. Na waliowekwa nakala pia walikuwa wa bandia: anwani ya bosi wa yule dada ilikuwa na r na n zile zile, ya Hajjat imepunguzwa herufi moja. Yaani nilidhani tuko watu wanne kwenye mazungumzo, kumbe niko peke yangu na mwizi.

Nikampigia yule dada kwa WeChat, kwenye namba niliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa chini ya barua. Kule ilikuwa saa mbili usiku, wako saa tano mbele yetu. Akaniambia benki yao haijabadilika, na BL alishanitumia tangu Jumatano. Mimi sijaiona.

Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza. Mwezi Novemba nilipata ujumbe kwamba sanduku langu limejaa na barua zitaanza kurudishwa, niingie kwenye linki nithibitishe. Jina la mtumaji liliandikwa Huduma ya Barua Pepe. Nikaingia, nikaandika neno la siri, ukurasa ukaganda, nikasahau. Kumbe nilikuwa nimekabidhi ufunguo. Kijana wa kompyuta wa jengo letu alipofungua mipangilio ya barua akakuta kanuni mbili ambazo sikuziweka mimi: kila barua yenye neno invoisi ilikuwa inafowadiwa nje, na kila inayotoka kwa muuzaji wetu ilikuwa inahamishiwa kwenye folda ambayo sijawahi kuifungua maishani. BL ya Jumatano ilikuwa humo, imekaa kimya. Tukafuta kanuni zote, tukabadilisha neno la siri, tukaweka uthibitisho wa hatua mbili. Ile barua ya Novemba nikaitafuta: anwani yake ilikuwa ya duka fulani la nguo la ng'ambo, wala haikujificha. Ningeitazama tu, basi.

Tangu hapo nasoma anwani kuanzia mwisho. Kijana wa kompyuta alinieleza kwa mfano wa majina yetu, ukaniingia. Mtu anaweza kujiita jina la mbele lolote, lakini ukoo unakaa mwisho. Baada ya alama ya @, anza kulia: .tz, kisha .co, kisha neno lililoshikana nayo kushoto. Neno hilo ndilo mwenye mali, ndilo lililosajiliwa. Kinachotangulia hapo ni vyumba ambavyo mwenye nyumba anavibatiza apendavyo. Kwa hiyo jinalabenki.co.tz ni ya benki, lakini jinalabenki.co.tz.kitukingine.com ni ya huyo kitukingine, benki imewekwa mbele kama pambo. Barua inayodai kodi ikitoka kwenye anwani ya bure ya Gmail, siendelei kuisoma; ofisi za serikali zina .go.tz, na hiyo hasajiliwi mtu binafsi.

Nilimuuliza kwa nini mtambo wenyewe haukatai. Akasema utaratibu wa kutumiana barua pepe, uliowekwa mwaka 1982, haukujengewa kumkagua mtumaji. Ni kama bahasha, nyuma unaandika jina umpendalo. Ukaguzi ulikuja kuongezwa baadaye. Kwenye Gmail ya kompyuta ukibonyeza nukta tatu pembeni ya barua, ukachagua kuona barua asili, unakuta mistari ya SPF, DKIM na DMARC, ndiyo majibu ya ukaguzi huo, imefaulu au imeshindwa. Nikakimbilia ile barua ya Hong Kong. Imefaulu yote mitatu! Mwizi alikuwa ameisajili ile domeni (sehemu ya anwani inayofuata @) yenye r na n kihalali, akalipia, akaipanga vizuri. Mtambo unathibitisha barua imetoka kweli kwenye domeni iliyoandikwa. Kwamba anwani hiyo siyo ya rafiki yako, hilo unaachiwa wewe na macho yako. Na kama mwizi angekuwa ameingia kwenye sanduku la yule dada badala ya langu, anwani ingekuwa sahihi herufi kwa herufi, hapo hata macho yasingenisaidia. Ndiyo maana sasa akaunti ya benki ikibadilika, napiga simu kwanza, hata kama anwani ni safi.

Nilimsimulia Hajjat kuhusu yule Mlithuania, Evaldas Rimasauskas, aliyejifanya kampuni ya Taiwan inayouza vifaa kwa Google na Facebook, kati ya 2013 na 2015, wakamlipa zaidi ya dola milioni 100 kwa invoisi za kughushi. Alifungwa miaka mitano, Marekani, mwaka 2019. Nilitaka kujitetea kwamba hata wakubwa huingia mkenge. Akauliza kama na wao walimkuta mhasibu njaa inamuuma.

Mwezi wa tatu wakala wetu wa forodha akaandika kutoka anwani ngeni, domeni tofauti kabisa na ya zamani, akitaka pesa za ushuru. Sikumjibu. Akaandika tena, nikamfuta. Siku ya pili akaja mwenyewe dukani, jasho linamtoka, mkononi kashika karatasi za kontena: wamebadilisha jina la kampuni, na taarifa walituma wiki tatu zilizopita. Niliitafuta hiyo taarifa. Ilikuwepo, imetoka kwenye anwani yao ya zamani, na nilikuwa nimeifungua. Hajjat akamletea kiti na soda, akamwambia, "Usimlaumu binti yangu," kisha akanigeukia na kuniuliza siku za bure za kuweka kontena bandarini zimebaki ngapi.