Bangi ya wikendi
Jana tumemaliza mazoezi pale uwanja wa Jamhuri, vumbi la Dodoma mnalijua, tumekaa tunavua raba, jamaa mmoja tunakimbia nae mita 800 akasema bangi ya wikendi haina shida, haiongezi spidi, shida ni madawa ya kuongeza nguvu. Wengine wakaitikia kabisa! Nikamwambia kaka, Sha'Carri Richardson wa Marekani alishinda mita 100 kwenye mchujo wa Olimpiki 2021, akapimwa akakutwa na bangi, akafungiwa mwezi 1 tu lakini matokeo yakafutwa na Tokyo hakwenda. Ni kweli kwenye michezo bangi inakatazwa siku za mashindano tu, ila kwa mtu anayevuta sana mabaki yanakaa kwenye mkojo hata wiki kadhaa. Na mi namuona huyu jamaa yetu, akivuta Jumamosi basi Jumatatu raundi ya nne pumzi imekata, kashika magoti anakohoa, na huyu ndo ana mbio kuliko sisi wote jamani. Inaniuma sana. Leo saa 11 alfajiri nimempitia kwao Chang'ombe, katoka na raba mkononi, hajasema kitu, tukaanza kukimbia.