Swali la kijana wa Chamwino

Nimerudi mjini giza limeshaingia, viatu vimejaa tope la Chamwino. Fomu za ridhaa ya kushiriki utafiti wetu wa dawa, nilizoondoka nazo asubuhi, nimerudi nazo zote, hakuna hata moja yenye dole gumba. Daftari letu la utafiti lina safu ya "amekataa", na leo nimeshindwa kuijaza.

Kijana ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, anachomwa sindano kila mwezi, siku hizi ametulia. Nilimkuta anapalilia mtama na mama yake. "Mbukwenyi," nikawasalimu, tukakaa pembeni kivulini. Sijamaliza ukurasa wa kwanza, kaka yake akatokea.

"Dada, mdogo wangu si wa kufanyiwa majaribio. Na hiyo damu mkishaitoa mnaipeleka wapi?"

Sikumlaumu. Ukisema "majaribio ya dawa", mtu anaona panya kwenye kizimba. Ukigusa damu, zinaamka habari za mumiani tulizokua nazo. Na familia yenyewe imeshachekwa vya kutosha; jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo hapa Dodoma tangu 1927, hadi leo watu wanatupiana kama tusi.

Kinachoniuma ni kwamba anayeumwa huwa haulizwi. Hata kliniki mhudumu huniambia, "Huyo bado, usimsumbue," kwa nia njema kabisa, na mgonjwa anakwenda zake bila kujua kwamba kulikuwa na jambo la kuulizwa. Tunabaki na waliotulia, wenye ndugu wa kuwaleta na nauli, wasiokunywa pombe. Dawa ikishaidhinishwa, wanaimeza wote, hata hao wasioulizwa. Na kuandikisha si mwisho wa kazi. Kule Marekani, utafiti wa dawa uitwao CATIE, uliochapishwa 2005, uliandikisha karibu watu 1,500 wenye skizofrenia. Asilimia 74 waliacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kwisha. Msimamizi wangu anataka idadi mwisho wa mwezi. Namwelewa, lakini palizi haimsubiri mtu.

Kaka alipokwenda kutazama ng'ombe, kijana aliweka jembe chini. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza polepole:

"Nikisema hapana, sindano yangu ya mwezi nitaendelea kupata?"

Nimefundishwa namna ya kupima kama mgonjwa ameelewa anachoombwa. Sijawahi kusikia swali lililoelewa kuliko hilo. Nikamwambia ataendelea kupata, kliniki ileile, tarehe zilezile. Akaniomba nirudie, mama yake asikie. Nikarudia.

"Basi uje palizi ikiisha," akasema. "Nitakuwa nimefikiri. Na kaka nitaongea naye mwenyewe."

Akaikunja nakala ya fomu mara nne, akaichomeka ndani ya kadi ya kliniki, kadi akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo. Mama akanisindikiza mpaka barabarani, hatukuongea sana.

Kwenye daftari, mbele ya namba yake, nimeandika: anafikiri.