Bado Anakula

Alhamisi usiku, Julai

Kwetu mgonjwa huulizwa swali moja: anakula? Mama alipolazwa, waliopiga simu hawakutaka kujua presha imefika ngapi wala ugonjwa unaitwaje. Walitaka kujua kama amekula. Ukisema amekunywa nusu kikombe cha uji, unasikia mtu wa upande wa pili akishusha pumzi. Basi kwa miezi kadhaa sasa, kila anayeniuliza habari za Bahasha nimemjibu hivyohivyo, tena kwa fahari kidogo: bado anakula.

Bahasha ni farasi wetu. Ni jike, kahawia iliyokolea, mwenye baka jeupe la pembe nne kwenye paji la uso, kama bahasha inayosubiri stempu. Kwenye karatasi zake za mbio ana jina refu la Kizungu ambalo sijamsikia mtu akimwita nalo zizini. Alizaliwa 1998. Alikimbia Ngong Racecourse, akashinda mara mbili, akawa wa nne na wa tano mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka, na mwaka 2005 mmiliki wake akamchoka. Tukamnunua watu watatu: mimi, wakili mmoja niliyesoma naye, na joki aliyekuwa akimpanda. Joki ndiye aliyetoa pesa kidogo kuliko sote, na ndiye aliyesema maneno mengi kuliko sote tangu siku hiyo.

Watu hushangaa mwalimu wa shule ya msingi kuwa na farasi. Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi. Uwanja huo wa mbio wa Ngong Road ulifunguliwa 1954. Yeye aliingia pale kijana wa kubeba ndoo, akatoka mzee mwenye mgongo mbovu. Mimi nilijua kusugua tandiko kabla sijajua kusoma. Wanafunzi wangu wakisikia farasi wanadhani ni mambo ya matajiri wa Karen. Tajiri ni mwenye ardhi. Sisi tumepanga zizi kwa mama mmoja huku Lang'ata, tunalipa mwisho wa mwezi kama mpangaji yeyote wa Nairobi, na tukichelewa tunapigiwa simu vilevile.

Ugonjwa ulianzia kwenye manyoya. Ilikuwa Februari, jua linawaka, kila farasi anang'aa, na yeye amevaa koti. Manyoya marefu yamejikunja tumboni na chini ya taya, hayataki kupukutika. Niliona anapendeza, nikampiga picha. Daktari alimtazama tokea getini akasema anahitaji kumpima damu. Majibu yalirudi kama alivyotarajia. Chini ya ubongo kuna tezi, pituitari, na kuna neva zinazoizuia isimwage homoni kupita kiasi. Kwa baadhi ya farasi wazee neva hizo huchakaa, kama breki za matatu ya zamani, na tezi ikabaki kuteremka mlima yenyewe. Manyoya ndiyo yanayoonekana. Mengine ni misuli ya mgongo inayoyeyuka, vidonda visivyotaka kupona, na kwato.

Kwato ndizo zinazoua. Ndani ya ukwato kuna mfupa, nao umeshikwa na vijinyama vyembamba vilivyofumana na ukuta wa ukwato, kama nyama ya kidole ilivyoshikana na kucha. Vikiharibika, mnyama wa kilo mia nne na ushei anasimama juu ya kucha zinazong'oka. Tangu nielezwe hivyo sijakata kucha zangu bila kumkumbuka.

Dawa ipo. Haiponyi, inashika breki tu, kidonge kimoja kila siku mpaka mwisho wa maisha. Saisi wetu, tunayemwita Mzee, alikificha ndani ya ndizi mbivu. Wiki ya pili Bahasha akawa anakula ndizi na kutema kidonge ndani ya hori, kwa adabu kabisa. Tukahamia chapati. (Ndiyo, chapati. Joki alilalamika kwamba yeye hajapewa chapati hapo miaka yote ishirini.) Fundi wa kwato naye akaanza kuja mapema zaidi, akawa anampunguza ncha za kwato kidogokidogo. Kwato zikapoa. Akatembea mpaka kwenye uzio kumsalimia punda anayeishi naye, nasi tukapiga makofi kama wazazi wa mtoto anayeanza kusimama.

Kisha meno. Saisi ndiye aliyeona vitonge: nyasi zilizotafunwa nusu, zimeviringwa kama soksi ndogo, zimetapakaa chini ya hori. Meno ya farasi hayakui kama ya kwetu. Husukumwa juu polepole miaka yote, yakisagika juu yanapandishwa na mzizi uliobaki chini, mpaka siku mzizi unapokwisha. Mzee alimfungua mdomo, akaniwekea kidole changu juu ya jino la pembeni la taya la juu. Pale kuna mfereji wa kahawia. Huanza kuchomoza kwenye ufizi farasi akiwa na miaka kama kumi, akifika ishirini umefika chini kabisa, kisha unaanza kufutika kuanzia juu. Wa Bahasha umebaki kipande kidogo kwenye ncha. "Huu ukiisha, mwalimu, na yeye ameshafika thelathini," akasema. "Lakini wengi hawaungoji."

Tukaacha kumpa nyasi kavu kama chakula. Tukamlowekea: pumba ya ngano, majani ya lusani yaliyokatwa vipande vidogo, maji ya vuguvugu, bila molasi hata kijiko, maana sukari ni adui wa kwato zake. Sufuria tatu kwa siku. Alizimaliza. Nilikuwa nikisimama pale nikisikia ule mdomo ukifyonza uji wake nikawaza kwamba hakuna sauti tamu zaidi Nairobi nzima.

Jumapili ya mwisho ya Juni tulikaa kikao chini ya mkalitusi. Wakili alikuja na daftari. Alikuwa ameandika dawa, daktari, fundi, zizi, chakula, mshahara wa saisi, na chini yake mstari mmoja mnene. Hakusema kitu kuhusu ule mstari. Alisema tu kuna jamaa Nanyuki mwenye majani mengi, akapumzike huko. Joki akawaka. Farasi mwenye kwato hizo asimame kwenye lori kutoka hapa mpaka Nanyuki? Wakili akasema basi kuna mtu anataka kumchukua, awe anazungusha watoto wadogo, mwendo wa pole. Hapo mimi ndiye niliyewaka. Najua farasi wazee wanavyopita mikono hapa mjini, kila mkono maskini kuliko uliotangulia, mpaka unamkuta Jumapili kandokando ya barabara amefungwa tandiko lisilo lake na hakuna anayekumbuka jina lake.

Wenye farasi wengine pale zizini walisogea na vikombe vyao vya chai, kama ilivyo kawaida ya watu ambao hawajaitwa. Mmoja alisema wake alifika miaka thelathini na tatu. Mwingine, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alisema wake alimwahi mapema, na akaishia hapo, akamwaga chai yake kwenye majani. Mama mwenye shamba alisema watu wa siku hizi wanafuga farasi kama wajukuu.

Joki alisema jambo ambalo limenikaa. Alisema uwanjani ni rahisi. Mfupa ukivunjika mbioni watu wanasimamisha pazia, daktari yuko pale, na uamuzi ni wa dakika, kwa sababu farasi hawezi kulazwa kitandani miezi. Akiuegemea mguu mzima, nao unaharibika. "Mfupa unakuamulia," akasema. "Uzee haukuamulii."

Nami nikasema nililosema miezi yote: jamani, bado anakula. Kikao kikavunjika kwa sentensi hiyo. Hakuna aliyetaka kuonekana mtu wa kumuua mnyama mwenye hamu ya chakula. Niliondoka nikijiona nimeshinda.

Jumanne ya wiki hii nikapita baada ya shule. Saisi hakunisalimu vizuri. Aliniongoza hadi zizini, akaokota konzi ya maranda anayotandikiwa Bahasha akaniwekea kiganjani.

"Mwalimu, asubuhi mimi humpiga burashi huyu. Zamani nilikuwa naondoa maranda haya ubavuni, kwenye singa za mkia, hadi masikioni. Sasa burashi inatoka safi."

Nikamwambia labda amekuwa nadhifu.

"Halali chini," akasema.

Farasi husinzia wima. Mifupa na kano za miguu yake hujifunga zenyewe asianguke. Nilijua hilo tangu utoto, na ndilo lililonidanganya. Kusinzia si kulala. Usingizi mzito, ule wa ndoto, unalegeza mwili wote, na ili aupate lazima alale chini, hata kama ni nusu saa kwa usiku. Farasi mwenye maumivu haendi chini kwa sababu anajua hataweza kuinuka. Mzee alimwinua mguu wa mbele, akanionyesha kifundo, upande wa mbele. Vigaga. Mguu wa pili pia. Vingine vya zamani, viwili vibichi. Miezi yote mimi natazama kwato na meno na sufuria, na vidonda viko pale mbele ya macho. Nilikuwa nimeviona. Nilidhani amejigonga kwenye hori.

Jana usiku nilikesha naye. Nilikaa kwenye ndoo niliyoigeuza, shuka mbili za Kimasai mabegani, baridi ya Julai inapanda kutoka kwenye sakafu. Saa sita na kitu simba wakanguruma upande wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ni kawaida huku; ile mbuga imekuwa pale tangu 1946 na simba hawajui ni saa ngapi mwalimu anataka kuwaza. Punda akasimamisha masikio. Bahasha akanyanyua kichwa, akajikaza miguu yote minne, akasimama kama farasi wa miaka mitano. Hakuna dalili yoyote ya maumivu. Ndipo nikaelewa ninatazama nini. Huyu ni mnyama wa kuliwa. Anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza. Mababu zake wote ni wale waliojua kuficha, na waliojua kula majani huku wamevunjika, kwa sababu anayeacha kula ameshajitangaza.

Saa saba alianza kushuka. Kichwa kikainama, mdomo wa chini ukaning'inia, magoti yakatetema, kisha yakalegea ghafla na vifundo vikapiga sakafu. Sauti yake ni kama mtu ameangusha bakuli la mbao. Akashtuka, akajivuta juu, akatazama huku na huku kama mtu aliyesinzia kanisani. Nilihesabu mpaka mara ya tano, nikaacha kuhesabu. Kulipopambazuka saisi alileta sufuria, na Bahasha akaimaliza yote.

Niliwapigia wenzangu nikiwa bado kwenye ile ndoo. Wakili alilia, wakili wa mahakamani, mwenye daftari. Akaniambia ule mstari wake asije mtu akadhani ndio ulioamua. Nilimwambia hapana, ingawa siwezi kuapa kwamba haukuwepo kichwani mwangu. Joki alinyamaza, na huyo kunyamaza ni habari, kisha akauliza, "Siku gani?"

Mjomba, ambaye huambiwa kila kitu kwetu hata kisichomhusu, alisema roho huchukuliwa na aliyeitia. Sina jibu la mjomba. Nimeliweka mahali na litakaa hapo.

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Daktari amenieleza: kwanza sindano ya kumtuliza, halafu ile nyingine kwenye mshipa wa shingo, kiasi kikubwa cha dawa ya usingizi, na anaanguka akiwa ameshaondoka. Dawa hiyo inabaki kwenye nyama. Fisi, mbwa wa jirani, tai na korongo wa huku wakimla, nao wanakufa, kwa hiyo lazima azikwe kwa kina na siku hiyohiyo. Mama mwenye shamba ametupa kona ya chini karibu na uzio, bila kuombwa mara ya pili. Mwenye tingatinga amechimba leo. Udongo wa huku ni mweusi, unanata, na nusu ya siku ameitumia kujikwamua mwenyewe. Kuna mtu alisikia, akapiga simu kuuliza kama tunamuuza kwa chakula cha mbwa. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Saisi ana sharti moja tu. Punda aachwe karibu na Bahasha baada ya daktari kumaliza, amnuse, akae naye mpaka aondoke mwenyewe. Asipomwona, anasema, atamwita kwenye uzio kwa wiki nzima. Tingatinga litasubiri. Nimemwambia dereva atalipwa saa za kusubiri, na wakili ameandika kwenye daftari.

Nimempigia Mzee sasa hivi, kabla sijazima taa, kumuuliza kama amepata blanketi la ziada. Tukaongea baridi, tukaongea mabati yanayovuja. Mwishoni, kwa mazoea, nikajikuta nauliza:

"Amekula?"

"Yote, mwalimu. Hata sufuria ameilamba."