Bolti "ya kumi na saba" iliniweka juu ya mawe wiki tano: nilivyozipata bolti za injini ya 2L hapa Tabora

Juzi Toyota Hilux yangu imerudi kutoka Sikonge na magunia ya mahindi, nikafunua boneti nikiwa bado na vumbi la njia. Braketi ya oltaneta haijasogea hata kidogo, mauntini (vishikio vya injini) zimekaa, oili haijavuja. Nimefurahi mno, ndiyo maana naandika.

Nilipofumua injini hii (2L ya dizeli, gari la 1991) kila mtu alinishauri kuhusu pistoni, ringi na beringi. Hivyo nilivipata kwa simu moja Dar, vikaja na basi. Kilichonisumbua ni bolti. Fundi niliyempa kazi ya kushusha injini alizitupa zote kwenye ndoo moja chini ya mwembe, na siku ya tatu ndoo haikuwepo. Nadhani ilikwenda na wanunuzi wa chuma chakavu. Zilibaki chache zilizokuwa bado kwenye bloku (mwili wa injini), pamoja na nilizochomoa mwenyewe kwenye wota pampu.

Fundi akaniambia, "Kaka, usihangaike. Bolti ni bolti. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, waambie wakupe za kumi na nne na za kumi na saba." Hapa mjini sote tunaita bolti kwa namba ya spana yake. Nikaenda. Za kumi na nne hazikuwepo kabisa. Za kumi na saba nikapewa konzi nzima, zinang'aa, bei ya maji.

Bolti ya kumi na saba ya Toyota ina mwili wenye unene wa milimita 12. Hii ya dukani, yenye kichwa hichohicho cha kumi na saba, ilikuwa na mwili wa milimita 10. Fundi akafurahi: "Si ndiyo! Hii itafaa kwenye mauntini, pale pa kumi na nne." Kwa unene alikuwa sahihi, maana bolti ya kumi na nne ya Toyota ni milimita 10 kweli. Ikaingia kwa vidole mizunguko miwili, ikagoma. Nikasema tuitoe. Akasema kuna kutu ndani, akachomeka bomba kwenye mkia wa spana, akavuta. Ikazunguka kwa ugumu, halafu ghafla ikawa laini. Aliyewahi kuvua tredi (meno ya bolti au ya tundu) anaujua ulaini ule. Tulipoichomoa ilitoka na vipande vya tredi za bloku. Usiku ule sikulala.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kanyenye aliyestaafu karakana ya reli. Nilimpelekea bolti moja ya zamani na ile ya dukani.

"Shikamoo mzee. Natafuta za kumi na nne kama hii."

"Marahaba. Mwanangu, namba ya spana ni ya kichwa. Mimi niambie mwili na tredi."

Akachukua rula ya shule ya mjukuu wake. Akahesabu nafasi kumi za tredi kwenye bolti ya Toyota: milimita 12 na nusu. Kwenye ya dukani: milimita 15. Yaani moja ni kumi kwa 1.25 (unene milimita 10, tredi hadi tredi milimita 1.25), nyingine ni kumi kwa 1.5. Unene mmoja, tredi mbili tofauti, na Wajapani kwenye milimita 10 wanapenda hiyo ya 1.25. Kisha akazilaza ubavu kwa ubavu, tredi ndani ya tredi, akaziinua kuelekea dirishani. Mwanga ukapenya katikati. Akachukua mbili za Toyota, akafanya vilevile: zikashikana kama meno ya zipu, hakuna mwanga. Kipimo hicho hakina gharama, na ndicho nilichozunguka nacho kwenye makaburi ya magari siku nne, bolti moja ya asili mfukoni.

Huko kwenye magari yaliyokufa ndiko bolti zilipo, na nyingi ni nzuri kuliko mpya za dukani. Angalia kichwa. Za Toyota nyingi zina namba kama 7 imegongwa juu, ndiyo daraja la ugumu wake. Ikiwa kichwa kitupu, iache kwenye geti la nyumba. Iliyonyooka lakini ina kutu chukua, iliyoanza kuwa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu iache. Nilitoka na thelathini na kitu kwa pesa isiyofika bei ya tairi kuukuu.

Za silinda hedi sikuokota popote, nilinunua mpya Dar. Hapo sikubishana na mtu.

Tundu lililovuliwa, fundi wa kuchonga vyuma alilipanua, akatia bushi ya chuma yenye tredi nje na ndani. Kama elfu arobaini hivi, pamoja na kusubiri umeme urudi. Matundu mengine yalikuwa na uchafu tu na sikuwa na tapu (kifaa cha kuchonga tredi ndani ya tundu) ya 1.25, basi nikachukua bolti moja ya asili, nikaichana mifereji mitatu kwa msumeno wa chuma kutoka ncha kwenda juu, nikaipaka grisi. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, unaitoa, unaifuta. Matundu kumi na moja yalisafishika hivyo. Yakaushe pia kwa upepo kabla ya kufunga: oili ikijaa chini ya tundu lisilotokeza, bolti inaigandamiza na bloku inaweza kupasuka. Chomeka kijiti ujue kina, bolti isigonge mwisho kabla kichwa hakijakaa.

Safari hii kila bolti ilikaa kwenye boksi la sabuni nililochora umbo la kava, kila moja imechomekwa mahali pake. Mzee nilimpelekea lita mbili za asali. Alizipokea, akaniuliza kama ile konzi ya dukani bado ninayo, maana mlango wa banda lake la kuku umelegea. Nimempa zote.