Viputo thelathini na kimoja

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa pale Mwanza. Mwalimu wa Baiolojia akatutangazia kwamba Ijumaa tungeyaona majani yakipika, ila alihitaji mmea wa majini. Nani anakaa karibu na ziwa? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Mjomba alikuwa mvuvi Kirumba, na miaka hiyo magugu maji yalikuwa bwerere; asubuhi nyingine ungekuta mwalo mzima umezibwa, mitumbwi imekwama.

Ijumaa nikaingia na ndoo imejaa, maua ya zambarau yananing'inia. Tukalitosa gugu moja kwenye chombo cha kioo, tukaliweka juani, tukasubiri viputo. Dakika kumi. Ishirini. Hamna kitu.

"Hilo limefunga, mwalimu," sauti ikatoka nyuma. "Lisubirini magharibi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Akaniuliza: majani yake yanakaa wapi? Juu ya maji. Na vitundu vyake vya kupitishia hewa? Nikaelewa, nikakaa. Gugu lilikuwa linapika vizuri tu, ila hewa yake ilikuwa inatokea juu, tusikoweza kuiona.

Jioni nikamweleza mjomba, akacheka mpaka akaweka chini wavu aliokuwa anashona. "Wewe unataka yale ya chini, yanayotuharibia nyavu." Jumatatu alfajiri tukapiga kasia hadi penye mawe, maji maangavu. Akazamisha mkono, akavuta kamba ndefu ya majani laini kama mkia wa paka. Nilitaka tupite upande magugu yalikotanda, ndiko karibu. "Kule huyapati," akasema. "Chini kuna giza."

Safari hii mwalimu aliyafunika majani kwa faneli iliyopinduliwa, juu yake testi tyubu iliyojaa maji. Jua la saa tano. Kikapanda kiputo kimoja, kingine, halafu mfululizo kama shanga. Nikapewa kazi ya kuhesabu: 31 kwa dakika. Mwalimu akafunika chombo kwa gazeti: 4. Akalitoa, vikarudi. Akatuambia Mholanzi mmoja, Jan Ingenhousz, aliliona jambo hilohilo na kuliandika mwaka 1779.

Mimi hadi siku ile nilidhani mmea unakula udongo, kama sisi ugali. Kumbe tope linatoa chumvichumvi tu. Chakula chenyewe, sukari, jani linakitengeneza kwa maji na kabonidioksidi, nguvu ikitoka kwenye mwanga. Oksijeni ni masalia, kama maganda ya muhogo mpishi akishamaliza. Hewa ilipojaa kwenye testi tyubu, mwalimu akaingiza kijiti chenye kaa jekundu, kikashika moto papo hapo. Aliyesema limefunga alipiga makofi kuliko wote.

Mjomba nilimsimulia usiku. Akakaa kimya kidogo.

"Ndiyo maana kule chini ya magugu siku hizi tunapata kamongo na kambare, sato hakuna."

Nikamwambia kamongo hupanda juu kuvuta hewa. Hilo alilijua kabla sijazaliwa, na alinitazama hivyo. Lakini kesho yake alikuja nyumbani na fungu jingine la majani, akataka na yeye ahesabu. Mama alilitafuta jagi lake la kioo siku tatu.