Lucknow hadi Varanasi kwa treni, msimu wa kura

Anayetaka kujua uchaguzi wa India unaelekea wapi, aende Uttar Pradesh. Jimbo hilo peke yake hutoa wabunge 80 kati ya 543, na mwenye viti 272 ndiye anayeunda serikali. Niliingia Lucknow Mei 20, 2024, siku ya awamu ya tano kati ya saba zilizoanza Aprili 19 na kumalizika Juni 1. Chama tawala cha BJP na washirika wake walikuwa wamejitangazia viti 400, na kwenye treni kila abiria alikuwa na hesabu yake.

Mgeni haruhusiwi kuingia kituo cha kupigia kura, lakini nje panatosha kujifunza mengi. Mwaka huo wa 2024, kuanzia mita 200 kutoka kituoni, kila mgombea aliruhusiwa meza moja, viti viwili na mwavuli au turubai la kivuli. Wafuasi wake hupekua nakala ya daftari, wakamwandikia mpiga kura namba yake kwenye karatasi nyeupe isiyo na jina wala alama ya chama. Meza hizo nazitazama kuliko mabango. Chama chenye watu wanaoujua mtaa nyumba kwa nyumba, daftari lake limejaa alama za kalamu: huyu kafika, yule kahamia mjini, wale bado wafuatwe kabla ya alasiri. Chama kilicholegea, kijana wake anatafuta jina dakika tano huku foleni ikikua. Mkutano wa hadhara unaweza kujazwa kwa mabasi. Meza ya mtaa haijazwi hivyo.

Ndani kuna mashine yenye sehemu tatu: ya ofisa, ya mpiga kura na printa. Ofisa akiruhusu, mpiga kura anabonyeza kitufe, kisha karatasi yenye alama ya mgombea inaonekana nyuma ya kioo kwa sekunde 7 na kudondoka kwenye kisanduku. Kabla ya kituo kufunguliwa, mawakala hushuhudia kura za majaribio zisizopungua 50, zikahesabiwa na kufutwa. Jioni muda ukiisha, waliobaki foleni hugawiwa vikaratasi vya namba kuanzia aliye mwisho kuja mbele, ili asipatikane wa kujipenyeza nyuma yao. Wakala makini haondoki bila nakala ya Fomu 17C yenye jumla ya kura za kituo. Akiikosa, siku ya kuhesabu hana cha kulinganisha.

Kutoka Lucknow treni inashuka mashariki kiasi cha kilomita 130 hadi Ayodhya, mji ulio ndani ya eneo la uchaguzi la Faizabad. Hekalu la Ram, mungu wa Wahindu, ambalo BJP ililipigania kwa miaka mingi, lilikuwa limezinduliwa Januari 22, na watabiri wengi waliona kiti hiki kimekwisha kuwa cha BJP. Lakini kando ya barabara ya Ram Path, ya kilomita 13, maduka na nyumba zilikuwa zimevunjwa ili kuipanua, na suala la fidia lilikuwa bado bichi. Vijijini palikuwa na hofu nyingine: kauli za baadhi ya wagombea wa BJP kwamba viti 400 vitawezesha kubadili katiba. Kwa Wadalit, watu wa tabaka lililobaguliwa kuliko yote, katiba ndiyo inayowalindia nafasi za masomo na kazi. Samajwadi, chama cha upinzani, wakamsimamisha Awadhesh Prasad, Mdalit, kwenye kiti ambacho hakikutengwa kwa Wadalit. Alishinda kwa kura 54,567.

Hapo ndipo utabiri wa kitaifa unapopotea. BJP ilipata asilimia 37.4 ya kura zote mwaka 2019 na asilimia 36.6 mwaka 2024, pungufu isiyofika hata asilimia moja. Viti vyake vikashuka kutoka 303 hadi 240. India, kama Tanzania na Kenya, humpa kiti anayeongoza hata kwa kura moja, kwa hiyo la kuuliza ni kura zimepungua wapi na nani kaungana na nani. Uttar Pradesh, Samajwadi na chama kingine cha upinzani, Congress, waligawana maeneo badala ya kugombana: Samajwadi wakashinda viti 37, Congress 6, na BJP ikabaki na 33 kutoka 62. BSP, chama chenye mizizi kwa Wadalit, ilikwenda peke yake, ikapata zaidi ya asilimia 9 ya kura za jimbo na isiambulie kiti hata kimoja.

Varanasi, kiti cha Waziri Mkuu Narendra Modi wa BJP, ilipiga kura Juni 1 katika joto la kikatili. Siku hiyo wasimamizi na watumishi wa uchaguzi 33 walifariki Uttar Pradesh. Ratiba ya wiki sita inayoangukia kiangazi inaua watu, na sioni sababu ya kutoisogeza Februari au Machi. Jioni hiyo, marufuku ya kutangaza utabiri wakati kura zikiendelea ilipokwisha, kampuni za utafiti zikatangaza matokeo ya kuwahoji waliotoka kupiga kura: nyingi ziliupa muungano wa Modi zaidi ya viti 350. Ulipata 293.

Juni 4 kuhesabu kulianza saa mbili asubuhi, kura za posta kwanza, kisha mashine kwa mizunguko, meza 14 ukumbi. Kila mzunguko huleta kura za mitaa michache tu, kwa hiyo uongozi wa asubuhi haumaanishi kitu. Modi mwenyewe alitangulia kuwa nyuma ya Ajay Rai wa Congress kwa zaidi ya kura 6,000, na waliozoea hawakushtuka. Alimaliza akiongoza kwa 152,513, ilhali mwaka 2019 pengo lilikuwa 479,505.